Cheti cha Saa Tano na Dakika Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa mbili asubuhi, na saa mbili na robo imeshaingia masjala. Ndoo nimeiweka penye kabati la faili, beseni penye mlango. Kompyuta nimeifunika mfuko wa plastiki, imekaa kama mgonjwa aliyekata tamaa.

Naanza daftari hili kwa sababu mwaka jana nilipolalamika juu ya paa niliulizwa, "Lini hasa lilivuja?" nikabaki natafuna maneno. Safari hii nitakuwa na tarehe. Na saa, ikibidi.

Kwa anayetaka kujua: mimi ni karani wa masjala katika chuo cha wakunga, mwaka wa kumi na tisa huu. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma kile kinachoandikwa kwenye kioo badala ya kubofya "Sawa" kama wenzangu. Katibu muhtasi wa Mkuu ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tunaishi ua mmoja na tunafanya kazi korido moja, kwa hiyo hatuna mahali pa kupumzikiana.

Jumatano, 5 Machi

Neno la siri la mashine ya masjala limeandikwa kwenye karatasi, karatasi iko chini ya kioo cha meza ya wifi, na meza ya wifi iko pale wageni wanaposubiri. Leo muuza vitabu alikuwa analisoma huku anakunywa maji yetu.

Nimemwambia wifi aitoe ile karatasi.

"Niitoe niiweke wapi? Walimu wakiiuliza?"

"Wasiambiwe. Kila mtu awe na lake."

"Wewe wifi una roho ya kunyima. Neno la siri tu, siyo figo."

Ndivyo tulivyo hapa. Ukimnyima mkubwa wako neno la siri, umemkosea adabu. Kwa hiyo chuo kizima kinaingia kwenye mashine yangu, kwa jina langu la "masjala", na mashine inaamini ni mimi mchana kutwa. Kwa hesabu zake mimi huwa natoka kula chakula cha mchana mara sita.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenakili. Kila Ijumaa wenzangu wakienda kula nachomeka diski yangu ndogo, nanakili kumbukumbu zote za wanafunzi, nachomoa, naenda nayo nyumbani. Ni marufuku. Mkuu alishatoa waraka kwamba kumbukumbu zisitoke nje ya chuo. Ni Mkuu huyohuyo aliyeamuru madaftari yote ya wodi yatupwe kwa kuwa sasa tuko kidijitali, akapigwa picha ameegemea kabati tupu.

Diski inakaa ndani ya kopo la sabuni ya unga, chini ya meza ya jikoni. Hakuna wa kuja kwangu kuomba sabuni. Wifi ana kiburi mno.

Jumatano, 12 Machi

Flashi ya chuo imefungwa kwa kamba kwenye kibao cha ukubwa wa kiganja, kama ufunguo wa choo, kwa sababu mbili za mwanzo zilipotea. Asubuhi iko kwa Mkuu, saa nne iko kwa mtu wa fotokopi ng'ambo ya barabara, mchana iko wodini, jioni inarudi kwangu ikiwa na faili zisizo na mwenyewe. Imeingia mahali pengi kuliko mkaguzi.

Leo wifi ameileta, akaichomeka bila hodi.

"Ngoja niipime kwanza," nikasema.

"Uipime nini? Flashi haina mafua."

"Ina virusi. Na programu ya kuzuia virusi imekwisha muda tangu Januari, nimeandika barua tatu."

"Virusi viko kichwani mwako wewe. Nichapie hii, Mkuu anasubiri."

Imechapwa. Kwenye flashi kuna picha za harusi ya mtu ambaye hakuna anayemjua hapa chuoni. Bibi harusi hana furaha.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Ndoo mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya furaha kubwa.

Wifi amepigiwa simu na kijana mwenye sauti ya heshima, anajitambulisha kuwa wa kampuni ya simu. Akamwambia, "Mama, laini yako inafungwa leo, nisomee zile tarakimu sita nilizokutumia." Wifi akavaa miwani, akasoma, moja baada ya moja, na ya mwisho akairudia ili kijana asikosee. Dakika kumi baadaye mtu mwingine alikuwa ndani ya ujumbe wake, anawaomba jamaa zetu wote msaada kwa jina lake. Hata mimi nimeombwa. Nimejibu: "Wifi, tangu lini unaniambia 'tafadhali'?"

Alipokuja korido amevimba macho, walimu watatu wakiwepo, nikamwambia: "Mtu mzima na akili zake anaingiaje mtego kama huo?"

Nikaongeza kwamba zile tarakimu ni ufunguo wa mlango, na hakuna kampuni inayokupigia kukuomba ufunguo wa nyumba yako. Nilisema kwa sauti ya kufundisha. Nilijisikia vizuri mpaka saa kumi.

Jumatatu, 24 Machi

Imekuja barua: kila chuo kipeleke mtu mmoja kwenye mafunzo ya usalama wa kompyuta. Nikapiga pasi sketi yangu ya bluu kabla hata jina halijatajwa. Mkuu amemchagua wifi.

Nilimfuata ofisini kwake. Nikamkumbusha, kwa adabu zote, tarakimu sita.

"Sikatai, Mama Masjala," akasema bila kuinua uso. "Lakini fomu inataka mtu mwenye cheti cha kompyuta. Yeye anacho cha uhazili. Wewe huna cheti."

Miaka kumi na tisa. Printa zao nimezitoa karatasi kwa kibano cha nyusi. Huna cheti.

Jumanne, 25 Machi

Sina la kuandika. Paa limeandika lenyewe, ukuta mzima.

Alhamisi, 27 Machi

Siku ya kawaida. Mvua kidogo. Saa tano na dakika kumi nimepata barua pepe nzuri sana. Kumbe wako watu mbali huko wanaojua thamani ya mtu. Kiambatisho kimekataa kufunguka. Mtandao wa chuo hiki ni kama mabomba ya chuo hiki.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimenakili. Kopo la sabuni.

Wifi amerudi mafunzoni na mkoba wa bure na kalamu nyekundu. Nimemuuliza amejifunza nini. "Kubadilisha neno la siri," akasema. Amelibadilisha kweli: ameongeza alama ya mshangao mwishoni, na karatasi ameirudisha chini ya kioo.

Jumatano, 9 Aprili



Saa mbili nimewasha mashine, nikafungua orodha ya mwaka wa tatu. Haifunguki. Nikafungua ya pili. Haifunguki. Kisha nikaona majina: kila faili limeota mkia wa herufi nisizozijua, faili baada ya faili, maelfu. Katikati ya kioo barua fupi yenye heshima ya kijambazi: kumbukumbu zenu tumezifunga, lipeni ndani ya siku saba tuwape ufunguo, msijaribu ujanja.

Kitu cha kwanza nimechomoa waya wa mtandao ukutani, uchafu usitambae kwenye mashine nyingine. Cha pili nimekaa chini.

Wifi akatokea. "Imekwama? Zima uwashe."

"Usiiguse."

"Nimesema zima uwashe, kila siku si ndiyo—"

"Wifi, ukiigusa nakukata mkono."

Wakati huohuo amebisha hodi mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu ninayemwita Miwani, kwa kuwa miwani yake imefungwa plasta pembeni. Ana karatasi iliyokunjwa mara nne, imesainiwa na mkunga wa zamu. Ili kukaa kwenye mtihani wa mwisho, kila mmoja wa hawa hamsini na wanane lazima awe amezalisha akina mama arobaini, na hesabu hiyo iko mahali pamoja tu: kwenye mashine hii, maana karatasi zenyewe hutupwa kila mwisho wa mwezi. Inatakiwa ifike baraza la mitihani tarehe 30. Isipofika, wanarudia mwaka.

"Mama Masjala, niandikie wa arobaini," akasema, anacheka mpaka fizi. "Wa kike. Kilo tatu na nusu. Alitoka analalamika kama wewe."

Nikaipokea. Nikamwambia nitaiandika. Sikumwambia wapi.

Mkuu alikuja na nusu ya chuo nyuma yake. Akasoma ile barua mara mbili, midomo inacheza. "Nani ameshika mashine hii?" Watu wote wakanitazama mimi. Jina lililo kwenye kioo ni "masjala". Nimeona jinsi mtu anavyofukuzwa kazi. Huanza hivyohivyo, kwa watu kukutazama na kusogea nyuma hatua moja.

Kwenye mashine kilikuwa kimening'inia kile kibao na flashi yake. Jana jioni wifi alikichomeka na hakukichomoa.

Nilikinyooshea kidole tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Amekuja fundi wa mitandao kutoka hospitali, tunamwita Koti kwa kuwa halivui hata jua likiwaka. Amemwambia Mkuu asilipe: hawa ukiwalipa wanaweza kukupa ufunguo, wanaweza kukucheka, na wanaweza kurudi mwezi ujao kwa kuwa wameshajua mlango.

"Mnayo nakala mahali?" akauliza.

Mkuu akatazama dari. Wifi akatazama Mkuu. Mimi nikatazama ndoo, imejaa, nikaenda kuimwaga.

Ninazo sababu. Kwanza, diski safi ukiichomeka kwenye mashine chafu nayo inafungwa. Lazima Koti asafishe kwanza. Hiyo ni sababu ya kweli. Ya pili, ni marufuku, nitakuwa nimejishitaki. Ya tatu sitaiandika. Ina kalamu nyekundu.

Jumamosi, 12 Aprili

Uani, wote wawili tunaanika nguo kwenye kamba moja kwa sababu mvua imekatika saa moja tu. Wifi amepewa barua ajieleze kwa nini asiachishwe kazi. Kikao ni Alhamisi. Yeye ndiye aliyeichapa hiyo barua, maana hakuna mwingine anayejua kuichapa.

"Umefurahi?" akaniuliza, kinywani ameshika kibanio cha nguo.

"Sijafurahi. Nimepumzika."

"Kaka yangu alikuoa una mdomo hivyohivyo?"

"Alinioa kwa ajili ya huo mdomo. Kwenu kulikuwa kimya mno."

Alikaribia kucheka. Nilimwona. Kisha akakumbuka na kuokota beseni.

Jumatatu, 14 Aprili

Wanafunzi wamekaa korido nzima, migongo ukutani. Hakuna anayepiga kelele. Ningependa wangepiga. Miwani ameniuliza kama ile karatasi yake ninayo bado. Ninayo. Akaniuliza kama nadhani anaweza kuwatafuta wale thelathini na tisa wengine, nyumba kwa nyumba, wasaini upya. Tayari ameanza orodha. Anawakumbuka kwa majina ya watoto.

Koti amemaliza kusafisha mashine leo mchana. Ile sababu yangu ya kwanza imeisha. Nimekaa na kopo la sabuni kimya. Nilitaka nione uso wa wifi Alhamisi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumatano, 16 Aprili

Saa nane Koti ameingia masjala akafunga mlango.

"Mama, si flashi."

"Nini si flashi?"

"Flashi ina takataka, lakini za kitoto. Huyu aliingia kwa barua pepe. Mtu amefungua kiambatisho, hakuona kitu, akaona mtandao mbovu, akaenda zake. Jamaa akakaa humo ndani karibu wiki mbili anapima mazingira, ndipo akafunga." Akageuza karatasi. "Tarehe 27 Machi, saa tano na dakika kumi. Faili linaitwa Cheti."

Ndoo ilikuwa inadondokewa. Nilihesabu matone saba.

"Nani?" nikauliza.

"Ndiyo shida. Aliyeingia ni 'masjala', na 'masjala' hapa ni kila mtu. Neno la siri lenyewe liko chini ya kioo pale mapokezi. Hata mimi nimelisoma nikisubiri chai. Siwezi kusema ni nani, na hakuna atakayeweza." Akavuta kola ya koti. "Kwa hiyo kesho nadhani watamalizana na yule mama tu."

Akaondoka.

Nimefungua daftari hili, 27 Machi. Liko hapo kwa mwandiko wangu, na saa yake. Barua ile ilisema: "Tumekutambua kama mtaalamu wa usalama wa kompyuta uliyejifunza mwenyewe. Fungua cheti chako." Jina langu kamili walilikosea herufi moja. Anwani waliyotumia ilikuwa na tarakimu mahali pa herufi. Yote hayo ningemwonyesha mwanafunzi kwa kidole. Siku tatu kabla nilikuwa nimeambiwa sina cheti, na mtu akaja na cheti. Nilikibofya mara nne.

Nimejaribu kuchana ule ukurasa. Daftari limeshonwa katikati. Ukivuta wa mbele, mwenzake wa nyuma unalegea. Wa nyuma ndio ule niliomwandika Miwani na mtoto wa kilo tatu na nusu. Nimeuacha.

Miaka yote napiga kelele kila mtu awe na jina lake na neno lake. Ningesikilizwa, leo ningekuwa nimekamatwa. Sikusikilizwa, na kwa hiyo niko salama, na wifi yangu ndiye anayeondoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeenda kikaoni na daftari mkono wa kulia na kopo la sabuni mkono wa kushoto. Mkuu akauliza kama nakwenda kufua.

Wifi alikuwa amekaa mwisho wa meza, anaandika muhtasari wa kikao cha kumfukuza yeye mwenyewe. Kichwa cha habari alikuwa ameshakipigia mstari, kwa rula.

Nikasema, "Kabla hamjaanza," nikasoma ukurasa wa 27 Machi kwa sauti. Wakatazamana. Hawakuelewa. Ikabidi niwaeleze mpaka mwisho, kiambatisho, cheti, mara nne, na hilo ndilo lililouma. Mtu anadhani ukiri ni neno moja, kumbe una maswali.

"Mara nne?" akauliza Mkuu.

"Mara nne."

"Na wewe ndiye unayetuandikia barua za virusi?"

"Tatu. Ninazo nakala."

Kalamu ya wifi ilikuwa imesimama. "Niandike?" akamuuliza Mkuu, sauti ndogo.

"Andika, wifi," nikasema. "Saa tano na dakika kumi. Usikosee."

Kisha nikafungua kopo. Mkuu akaanza kusema habari ya waraka wake, kumbukumbu kutoka nje ya chuo, na mimi nikamwambia naam, nimeuvunja kila Ijumaa, na angeweza kunifukuza kwa hilo sasa hivi au baada ya Koti kuichomeka. Koti hakungoja. Aliifuta sabuni kwa kola yake, akaichomeka kwenye mashine yake aliyokuja nayo, isiyounganishwa popote. Chumba kizima kikamsogelea bega.

Hamsini na wanane. Wote. Walikosekana tu watoto waliozaliwa kuanzia tarehe 4, na hao tunazo karatasi zao.

Mkuu, akiwa na aibu ya kunishukuru, akasema daftari langu libaki kama kielelezo. Nikalikabidhi kabla sijafikiri. Vielelezo vyote vya ofisi ya Mkuu hutunzwa na katibu muhtasi.

Nayaandika haya nyuma ya karatasi ya masjala. Daftari liko kwa wifi. Lote.

Ijumaa, 25 Aprili

Limerudi. Amelirusha mlangoni kwangu likiwa ndani ya mfuko, mvua isilipate. Ile karatasi ya kikaoni nimeibandika mahali pake.

Kwa Mkuu alipeleka ukurasa mmoja tu, aliounakili kwa mkono, akamwambia mengine ni habari za paa. Kwa hiyo Mkuu hajui nilichoandika juu ya kabati lake tupu. Nimepewa barua ya onyo kali, kaichapa wifi, hakuna kosa hata moja.

Amesoma yote. Najua, kwa sababu amesahihisha kwa ile kalamu nyekundu ya mafunzo. Penye kiburi ameandika: "Sabuni yako inanuka." Penye mume wangu: "Hatukuwa kimya. Tulikuwa tunakusikiliza." Penye kidole nilichokinyoosha kwenye kibao hakuandika kitu, amepiga mstari tu, mara mbili, karatasi imechanika kidogo.

Na pembeni mwa 27 Machi, kwa mwandiko wake mzuri wa uhazili: "Mtu mzima na akili zake anaingiaje mtego kama huo?"

Jumatano, 30 Aprili

Kumbukumbu zimefika baraza saa nne. Nimepiga simu kuhakikisha, kwa namba iliyo kwenye kitabu chetu na si ile iliyoletwa kwa ujumbe. Miwani ameandikwa arobaini. Nilimwonyesha mstari wake, akaugusa kwa kidole, nikafuta kioo akiwa ameshaondoka.

Kibao cha flashi sasa kinazuia mlango wa masjala usijifunge kwa upepo. Kila mtu ana jina lake na neno lake. Wa mwisho kuja kuliweka alikuwa wifi.

"Geuka huko."

"Nimegeuka."

"Fumba macho."

"Wifi, naangalia ukuta. Macho yanafanya nini ukutani?"

"Wewe unaona kwa kisogo."

Sikutazama. Nilisikiliza tu vitufe: kumi na saba. Ni refu, zuri, na halina mshangao mwishoni, maana sikusikia kidole kikienda kule. Sikumsifu. Aliitoa karatasi ya chini ya kioo akaichana mbele yangu, vipande akavitia kwenye ndoo ya paa.

Akiwa mlangoni akasema, "Na hilo daftari lako, chini ya godoro si mahali. Mtoto mdogo angelipata."

Sikuwahi kuandika humu kwamba linakaa chini ya godoro.

Nimelihamisha. Sitaandika wapi.